Mizinga ya Heshima na Mizinga ya Nyuki

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno mzinga lina maana zaidi ya moja. Uko mzinga unaopigwa na askari siku ya sherehe kuu ya taifa, moshi ukapaa na kishindo kikasikika mbali. Tena uko mzinga unaotundikwa mtini na mkulima, ukakaa kimya, na ndani yake nyuki wakafanya kazi yao pasipo kelele. Mimi ni mpenzi wa mizinga ya aina zote mbili, na wala sioni haya kusema hivyo mbele ya wasomaji.

Makarani wenzangu ofisini hunicheka. Husema ya kwamba mtu aliyesoma shule ya misheni, akapata cheti chake na kazi ya Serikali, haimpasi kutumia Jumamosi yake akipanda miti kama mvulana ili kutazama nyuki, wala kusafiri usiku kucha kusudi asimame juani akitazama wakubwa wakitia sahihi karatasi. Wengine huuliza swali lenye maana zaidi: Je, mkulima au karani hupata faida gani kwa kuhudhuria sherehe ya Serikali? Wakubwa huja kwa motokaa na kurudi kwa motokaa. Sisi huja kwa miguu na kurudi na njaa. Swali hili ni la haki, na katika makala haya nataka kulijibu kwa mambo niliyoyaona kwa macho yangu, na moja lililonigusa katika mali yangu mwenyewe.

SIKU YA KATIBA

Sherehe ninayoisema ni ile ya Ijumaa, tarehe 27 Agosti, mwaka wa 2010, siku ambayo Katiba mpya ya Kenya ilitiwa sahihi na Rais Mwai Kibaki katika bustani ya Uhuru Park, mjini Nairobi. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka 23, katika mwaka wangu wa kwanza kazini, na kwetu ni Kitui.

Yafaa kwanza tukumbuke habari zilizotangulia siku ile, maana vijana wengi wa sasa walikuwa watoto wachanga. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, 2007, ulizaa ugomvi mkubwa juu ya nani aliyeshinda, na ugomvi ule ukawa vita vya jirani kwa jirani. Watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha, na maelfu kwa maelfu walihama makwao wakalala katika mahema na viwanja vya makanisa. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na kwa hakika nyasi ziliumia. Tarehe 28 Februari, 2008, Rais Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano ya amani, yakisimamiwa na Bwana Kofi Annan, na mojawapo ya mambo yaliyokubaliwa ni kwamba nchi ipate katiba mpya.

Haikuwa mara ya kwanza kujaribu. Mwezi wa Novemba, 2005, wananchi waliletewa katiba nyingine wakaikataa. Alama za kura zilikuwa ndizi kwa wanaokubali na chungwa kwa wanaokataa, na chungwa likashinda. Mara hii, tarehe 4 Agosti, 2010, alama zilikuwa rangi: kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La. Watu walisimama katika foleni tangu alfajiri, na zaidi ya milioni 6 walisema Ndiyo. Waliosema La nao hawakuwa wachache, walipita milioni 2. Lakini wengi walishinda, na walioshindwa wakakubali, wala damu haikumwagika. Kwa watu waliotoka katika msiba wa mwaka wa 2008, jambo hilo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko sherehe yoyote.

AGIZO LA BABU

Nilipomwarifu Babu yangu ya kwamba nataka kwenda Nairobi kushuhudia, alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, “Mjukuu wangu, mimi nilikwenda mwaka wa 1963.”

Habari hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi, lakini nilimwacha aieleze tena, kama ilivyo adabu. Babu alikuwa kijana wa miaka 30, akifanya kazi ya upishi katika nyumba ya Mzungu mmoja Nairobi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, yeye na wenzake walikwenda kwa miguu mpaka uwanja ulio kando ya njia ya Lang'ata, unaoitwa sasa Uhuru Gardens. Mvua ilikuwa imenyesha na matope yalifika vifundoni. Mume wa Malkia wa Uingereza, Prince Philip, alikuwapo, na Mzee Jomo Kenyatta, na umati usiohesabika. Saa sita ya usiku bendera ya Waingereza ikateremka, na ya Kenya ikapanda. Babu alisema watu walilia na kucheka kwa wakati mmoja.

“Lakini,” akasema Babu, “mimi nilirudi nyumbani na matope tu. Bendera niliiona, katiba sikuiona. Hakuna aliyetusomea, wala sisi hatukuuliza. Ndiyo sababu walipoibadilisha, hatukujua ni kitu gani kilichoondolewa. Basi wewe nenda, ukaone. Lakini usirudi mikono mitupu. Uje na kitabu.”

Ndugu msomaji, maneno ya mzee yule yana historia ndani yake. Katiba ya mwaka wa 1963 ilikuwa na majimbo yenye mabaraza yake. Majimbo hayo yakafutwa baada ya muda mfupi, na mwaka wa 1964 nchi ikawa jamhuri yenye nguvu nyingi mkononi mwa Rais. Mabadiliko yakafuata mengine. Mwaka wa 1982 likatiwa fungu lililosema chama kiwe kimoja tu, na fungu hilo halikuondolewa mpaka Desemba, 1991. Mambo hayo yote yalifanywa Bungeni mchana kweupe, lakini mkulima wa Kitui aliyasikia kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha mbali.

KATIKA BUSTANI YA UHURU

Basi niliondoka Kitui siku ya Alhamisi kwa basi la jioni, nikafikia kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, na saa kumi na moja ya alfajiri tukawa njiani. Baridi ya mwezi wa Agosti mjini Nairobi yajulikana. Mtu asiye na koti huionja vema. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na nakumbuka mzee mmoja wa Kiislamu tuliyesimama naye, hakula wala kunywa kitu mchana kutwa, naye hakutikisika mahali pake.

Bustani ile ina habari zake. Ilifunguliwa mwaka wa 1969 ili iwe mahali pa wananchi pa kupumzikia. Mwaka wa 1989 wakubwa fulani walitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, na Profesa Wangari Maathai akasimama kulipinga, akatukanwa na kudharauliwa, lakini jumba halikujengwa. Kama angalinyamaza, sijui sisi siku ile tungalisimama wapi. Tena niliwaza ya kwamba mama huyo hakungoja katiba mpya ndipo aseme kweli. Alisema kweli kwanza, na katiba ikaja baadaye.

Umati ulikuwa mkubwa hata nyasi hazikuonekana. Walikuwapo wageni wa heshima: Rais Museveni wa Uganda, Rais Kagame wa Rwanda, na Bwana Kofi Annan ambaye alipokewa kama ndugu. Alikuwapo pia Rais Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye wakati ule alikuwa ametolewa hati ya kukamatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kuja kwake kulizua maneno mengi humu nchini na ng'ambo. Nalitaja jambo hili kwa sababu mwandishi wa habari hapaswi kuchagua matamu peke yake. Hata siku ya kuzaliwa kwa sheria iliyo kuu, watu waliuliza kama sheria inafuatwa, na kuuliza huko ni kwema.

Rais alipotia sahihi na kuiinua Katiba juu ili watu waione, sauti iliyopanda siwezi kuieleza. Mizinga ya heshima ikapigwa. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu, mwenye kitenge na viatu vya plastiki, hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake. Kisha Rais akaapa upya chini ya Katiba mpya, na baada yake Makamu wa Rais, Bwana Kalonzo Musyoka, na Waziri Mkuu, Bwana Raila Odinga.

Kiapo ndicho kilichonishika kuliko vyote. Sisi makarani tunajua uzito wa karatasi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu: karatasi isiyo na sahihi ni takataka, na yenye sahihi huweza kumtoa mtu shambani mwake. Lakini kuwaona wale waliokuwa mahasimu wa mwaka wa 2007 wakiapa mmoja baada ya mwingine, kwa kitabu kimoja, mbele ya watu walioumia kwa sababu ya ugomvi wao, lilikuwa somo ambalo haliwezi kupatikana kwa kusoma gazeti wala kwa kusikiliza redio. Mtu aliyesimama pale alikuwa shahidi, na shahidi ana deni. Ameona, hawezi kusema hakujua.

Wakati wa kutoka nilinunua kijitabu cha Katiba kutoka kwa mchuuzi wa njiani, nikakifunga katika gazeti, nikakitia ndani ya shati.

KITABU CHINI YA MWEMBE

Babu hakujua Kiingereza, na kitabu kile kilikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi tuliketi chini ya mwembe, nikamsomea na kumfasiria. Kitabu kina sura 18 na ibara 264. Mwanzoni tulikuwa wawili. Baadaye majirani wakaanza kuja na vigoda vyao. Walipenda sana ibara ya kwanza, isemayo kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Mzee mmoja alinitaka niirudie mara tatu, kisha akauliza, “Na chifu anaijua hiyo?” Watu wakacheka sana.

Lakini mwezi wa Desemba, 2010, kitabu kile kiliacha kuwa cha mazungumzo. Watoto wote wa Babu walikuwa wamekuja nyumbani kwa Krismasi, naye Babu akawaita ili awagawie shamba lake kabla hajafa. Wana wake wa kiume ni watatu, na baba yangu ni wa kati. Tena yuko shangazi yangu, aliyeolewa mbali, akafiwa na mumewe, akarudi nyumbani na watoto wawili akapewa chumba cha kukaa. Hakuna aliyefikiri atapata sehemu. Desturi ilisema binti hurithi kwa mumewe.

Yafaa nieleze hapa, kwa faida ya wasomaji, ya kwamba Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka wa 1981 ilikwisha kuwatambua watoto wa kike sawa na wa kiume. Lakini katiba ya zamani, ijapokuwa ilikataza ubaguzi, iliacha mlango wazi katika mambo ya ndoa na urithi, na kwa mlango huo desturi ilipita mara nyingi. Katiba ya mwaka wa 2010 iliufunga mlango huo. Ibara ya 27 yasema mwanamke na mwanamume wana haki ya kutendewa sawa. Ibara ya 60 yataka ubaguzi wa wanawake uondolewe katika sheria na desturi za ardhi. Na ibara ya 2 yasema desturi yoyote inayopingana na Katiba haina nguvu pale inapopingana nayo.

Babu akaniambia, “Soma.” Nami nikasoma ibara hizo tatu, nikazifasiri.

Sitaficha ya kwamba sauti yangu ilitetemeka. Kipande cha shamba kilichokuwa kikizungumzwa ni kile cha kando ya mto, chenye miti mikubwa ambamo mizinga ya Babu imetundikwa. Kipande hicho kilitazamiwa kuwa cha baba yangu, na baada yake kiwe changu. Nilikuwa nikisoma maneno yanayonitoa katika mahali nilipopapenda kuliko pengine popote duniani.

Baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa mwalimu, akasema, “Baba, kitabu hiki kimeandikwa Nairobi, shamba liko Kitui. Na kitabu hicho hicho kinaheshimu mila zetu.” Alisema kweli, maana ibara ya 11 yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Nikamjibu kwa heshima, “Ni kweli, Baba Mkubwa. Lakini ibara ya 2 imekwisha kuweka mpaka.” Akanitazama kwa muda mrefu. Baba yangu naye alikuwa akitazama chini.

Ndipo Babu akasema maneno ambayo mpaka leo nayaweka moyoni. “Shamba hili ni langu. Nikitaka kumpa binti yangu, naweza kumpa hata bila kitabu. Lakini sitaki kumpa kama sadaka. Ukimpa mtu sadaka, siku utakayokufa watu watamnyang'anya. Nataka apewe kwa haki, mbele yenu wote, mkisikia.”

Shangazi hakusema neno. Aliondoka akaenda jikoni, akarudi na chai, akaanza kumimina kwa kaka yake mkubwa.

Mambo hayakwisha siku ile. Ilikuwa lazima kupata ruhusa ya kugawa shamba, na kupima mipaka, na kulipa ada, na katika ofisi moja tuliambiwa “njooni wiki ijayo” kwa muda wa wiki nyingi. Mimi niliziandika tarehe zote katika daftari, pamoja na cheo cha aliyetuhudumia, maana karani anajua kwamba karani mwenzake huogopa daftari. Hatimaye, mwaka wa 2013, Shangazi akapata hati ya shamba yenye jina lake. Babu alifariki mwaka wa 2016 hali ameiona. Baba Mkubwa hakuwahi kusema kwamba alikubali. Mpaka sasa akienda mtoni hupita njia ya mbali, asikanyage kipande kile. Sheria humpa mtu haki yake. Kumpa upendo wa ndugu haiwezi. Hilo latakiwa kutafutwa kwa njia nyingine, na kwa subira.

SARAFU ZA ZAMANI

Sasa niseme habari za mapenzi yangu mengine, ambayo wenzangu huyaita ya kitoto. Mimi hukusanya sarafu. Ya kwanza nilipewa na Babu nilipokuwa darasa la nne: senti 10 ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, iliyokuwa ikitungwa kwenye uzi ili isipotee. Baadaye nikapata shilingi yenye simba na milima nyuma yake. Fedha hizo za bodi ya Afrika Mashariki zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na shilingi yenyewe ilianza mwaka wa 1921. Kenya ilipata noti zake yenyewe mwaka wa 1966.

Kwa kukusanya sarafu mtu hujifunza historia ya wakubwa wake. Kwenye sanduku langu naona jina la mfalme wa Uingereza, kisha sura ya Mzee Kenyatta, kisha ya Rais Moi, na iko sarafu ya shilingi 40 ya mwaka wa 2003 yenye sura ya Rais Kibaki, iliyotolewa kwa ukumbusho wa miaka 40 ya Uhuru. Lakini Katiba ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 231, yasema fedha za Kenya zisiwe na picha ya mtu awaye yote. Ndiyo sababu sarafu zilizotolewa mwaka wa 2018 zina wanyama: twiga katika shilingi 1, kifaru katika shilingi 5, simba katika shilingi 10, na ndovu katika shilingi 20. Noti mpya zikafuata siku ya Madaraka, mwaka wa 2019, na wengine wakaenda mahakamani wakilalamika kwa kuwa sanamu ya Mzee Kenyatta yaonekana ndani ya picha ya jumba la KICC.

Mama anayeuza nyanya sokoni huenda hajasoma Katiba hata ukurasa mmoja. Lakini kila siku anapopokea shilingi 10 anashika ibara ya 231 mkononi mwake. Nilipomweleza hivyo mama mmoja, aliigeuza sarafu akaitazama simba, akasema, “Kumbe! Basi huyu simba ni wetu sote.” Sikuweza kufasiri vizuri zaidi.

NYUKI WA KANDO YA MTO

Wasomaji watauliza mizinga ya kando ya mto ilikuwaje. Shangazi alipopata hati yake, jambo lake la kwanza lilikuwa kuniita na kusema, “Mwanangu, shamba ni langu, lakini nyuki hawanijui. Njoo ututunzie.” Basi tunafanya kazi kwa ubia: miti ni yake, kazi ni yangu, na asali tunagawana nusu kwa nusu. Kwa ajili ya wakulima nitaeleza machache tunayoyafuata.

Mizinga ya Babu ilikuwa ya magogo, kama ilivyo desturi ya Wakamba tangu kale. Ni mizuri, lakini kuvuna kwake humharibia nyuki nyumba yake, maana masega yameshikamana na gogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulibuniwa hapa Kenya mzinga wa mbao wenye vijiti vilivyopangwa juu. Nyuki hujenga kila sega chini ya kijiti chake, na mkulima huweza kuinua moja akatazama, akalirudisha, pasipo kubomoa mengine. Sisi tuna ya aina zote mbili.

Mzinga utundikwe mahali penye kivuli, karibu na maji, mbali na njia ya watu na zizi la mifugo. Waya wa kutundikia upakwe grisi, kusudi siafu wasipande. Usivune mchana wa jua kali, ngoja jioni. Moshi uwe wa kupoa, si wa kuunguza. Tena usichukue masega yote, hata kama tamaa inakuvuta. Wachie nyuki akiba yao, maana kundi lenye njaa huhama, na mkulima mlafi hubaki na gogo tupu. Usikate masega yenye watoto. Mtoto wa malkia hutoka katika siku 16, wa nyuki mfanya kazi katika siku 21, na dume katika siku 24. Ukiliharibu sega hilo umejiibia asali ya mwezi ujao. Nyuki mfanya kazi, wakati wa maua mengi, huishi wiki chache tu, kisha hufa. Asali anayoikusanya wengine ndio watakaoila.

Jambo ambalo wanaoanza kazi hii hawalijui ni hili: kutundika mzinga si kupata asali. Mtu aweza kutundika mizinga 20 kwa siku moja, akawaita majirani waje kutazama, na wote wakamsifu. Lakini asipokwenda kutazama siafu, na kufagia buibui, na kuziba ufa, ataona popo wamehamia. Nami nasema katiba nayo ni hivyo hivyo. Siku ya 27 Agosti, 2010, tuliutundika mzinga mbele ya dunia nzima. Asali ni kazi ya baadaye.

Na ipo iliyokwisha kupatikana. Serikali za kaunti 47 zilianza baada ya uchaguzi wa Machi, 2013, na kazi za kilimo, kama vile kuzuia magonjwa ya mimea na mifugo, zilikabidhiwa kwao. Katiba yataka zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama Kuu kuliko zote nchini ilifuta uchaguzi wa Rais, na Serikali iliyokuwa madarakani ikatii. Wala sisemi kwamba siafu hawapandi. Kila mkulima anajua barabara iliyolipiwa isiyoonekana, na zahanati yenye rangi mpya isiyo na dawa. Ndiyo maana mwenye mzinga halali.

JIBU KWA WANAOCHEKA

Basi wale wanaouliza faida ya kuhudhuria sherehe nawajibu hivi. Aendaye ili kuona wakubwa hurudi na vumbi. Aendaye kama shahidi hurudi na deni, na deni hilo hulipwa nyumbani, katika mambo madogo: katika daftari la karani, katika kikao cha ukoo, katika swali linaloulizwa kwa adabu mbele ya afisa. Katiba yenyewe, katika ibara ya 3, yasema kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu na kuilinda. Haikusema kila mkubwa.

Nawasihi wasomaji wenzangu, hasa makarani mnaokwenda nyumbani mwisho wa mwezi, msiende na sukari na mkate peke yake. Katiba imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili. Chukueni nakala moja, mkaisome kwa sauti mahali penye kivuli, ibara mbili kwa siku, na wazee wakiuliza maswali msiwakatize. Nanyi wakulima mlio na mtoto asomaye, mtumeni aisome. Mtaona yale yanayowapendeza, na mtaona pia yale yanayowauma. Someni yote mawili. Fuata nyuki ule asali, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hakuna aliyewahi kutuambia ya kwamba nyuki hawaumi.